Kaye Sita za Mama Foni

Ukikaa na Mama Foni, kitu cha kwanza unachojifunza ni kufunga mdomo. Maneno yake yote anayamaliza kwa "avu", na hiyo avu ni desturi ya watu wa foni ya kusema: nimemaliza, sasa zamu yako. Ukimkatiza kabla ya avu anakukazia macho mpaka maneno yako yanarudi tumboni yalikotoka. Nimemwona akimfanyia hivyo mkwe wake, nimemwona akimfanyia hivyo mwalimu wa Kurani, na mwalimu akaomba msamaha. Hata sokoni ilikuwa vile vile: "Dada, hii muchele iko na mawe, unipunguzie, avu." Wauza mchele wa Kasongo, mji wetu huku Kongo, wamezoea, hata wao wanasemezana avu siku hizi, na wale wadogo hawajui neno limetoka wapi.

Limetoka kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kimeegemea ukuta wangu. Mimi nilikuwa napiga mashini ya kuandikia, barua na maombi ya watu, na yeye upande wa pili alikuwa akipiga kelele mpaka Kabambare. Nyinyi mnaotembea na simu mfukoni hamjui raha hiyo. Foni ilikuwa sanduku la chuma, betri ya gari, kipaza sauti cha kubonyeza, na waya mrefu uliovutwa juu kati ya miti miwili. Saa mbili asubuhi na saa tisa mchana Kasongo iliita, Kabambare ikaitika. Mtu akitaka kuongea na ndugu yake, alikuja kwa Mama Foni, na Mama Foni alimwambia mwenzake wa upande wa pili: kesho saa tisa uniletee fulani. Mwenzake akajibu: nimepokea. Basi kesho yake fulani yuko pale, ameoga, anatetemeka, anauliza sanduku kama watoto hawajambo.

Watu walidhani kazi yake ni kusema kwenye sanduku. Hapana! Kazi ilikuwa kumpata huyo fulani. Fulani amekwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Fulani msikitini anaitwa hivi, kwa wajomba zake Wabangubangu anaitwa vile, na sokoni hakuna anayemjua kwa lolote ila Baba Mapacha. Fulani asubuhi yuko shambani na jioni yuko kwa mke mdogo, na huko kwa mke mdogo usimfuate. Yote hayo Mama Foni aliyaandika kwenye kaye, ndivyo tunavyoita kwetu daftari za shule, kwa herufi kubwa za bluu, mtu mmoja ukurasa mmoja. Zilikuwa kaye nane. Mchwa wa Kabambare, anakoishi sasa, wamekula mbili, zimebaki sita, na hizo sita ndizo zilizoninyima usingizi mwaka huu.

Kwa umbo ni mrefu, mwembamba, anapenda kitenge cha njano kinachoonekana toka mbali, na miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Sauti yake haikupunguzwa siku foni ilipokufa. Amezoea kusemea mbali, basi akikuomba chumvi mtaa mzima unajua kwamba kwake hakuna chumvi.

Ni mtu wa mambo yanayopingana, na ukimwambia hivyo anacheka. Alijua kila mtu wa Kasongo na Kabambare, lakini hana simu. "Simu ya nini? Nani hajui kwangu?" Alitunza siri za ndoa za watu miaka yote ile bila kuvujisha hata moja, lakini kuhusu umri wake anadanganya bila haya: kila wakija kuandikisha watu, miaka yake imepungua. Ni Mwislamu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na anajua nyimbo za kanisa kuliko wanakwaya, kwa sababu kibanda chake kilitazamana na shule ya misheni na masikio, anasema, hayana mlango. Alipohamia Kabambare kwa binti yake alipanda moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, mara ya kwanza na ya mwisho. Motari aliyempeleka alitusimulia kwamba alisoma Fatiha njia nzima akiwa amefumba macho, na kwenye kila daraja la miti akaongeza na wimbo wa kanisa. "Nilisema Mungu iko moja," alijitetea, "lakini ile madaraja iko mingi."

Na upishi! Anajisifu kwamba hakuna anayempita kwa sombe, kisamvu chetu, na mimi nimekula sombe hiyo. Nitanyamaza. Avu.

Mambo matatu katika kaye zake sikuwahi kuyaona mahali pengine. La kwanza, hakumfuta mtu. Mtu akifa, Mama Foni aliandika pembeni "ametangulia", na chini yake jina la yule anayeitikia badala yake sasa, mjane au mtoto. "Ukimufuta mutu, na watu wake wanapotea naye." La pili, alimwandika mtu pale tu mtu huyo alipokubali. La tatu ni kubwa, na nalo linataka mfano.

Siku moja foni ilileta habari kwamba mama wa fundi cherehani amefariki Kabambare. Fundi mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka pale, tunasikia cherehani yake. Mimi, kwa kiherehere changu, nikainuka kwenda kumwambia. Mama Foni alinishika mkono.

"Kaa, Sekretere." Hajawahi kuniita kwa jina langu, siku zote ni Sekretere. "Fundi amekula?"

"Sijui, Mama."

"Njo ile. Hujui."

Njo ya kwetu ni ndiyo ya vitabuni. Akafungua kaye, akatafuta ukurasa wa fundi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: mutu wa kwanza. Hapo palikuwa na jina la muuza chumvi. Tukamwita muuza chumvi, tukamweleza kwa sauti ya chini, ambayo kwa Mama Foni ni sauti ya kawaida ya watu wengine. Muuza chumvi akaenda kwa fundi na sahani ya wali, wakala pamoja, wakaongea habari za mvua, akamwomba azime cherehani, akamwambia. Fundi alilia akiwa ameshikwa bega.

"Habari nzito haiendi kwa mwenyewe ikiwa peke yake," alinieleza baadaye. "Kila mutu iko na mutu wake wa kwanza. Na asikuwe ndugu ya damu, juu ndugu atalia mbele yako. Awe ule anajua kuingia ndani ya nyumba."

Hata habari njema zilikwenda kwa utaratibu huo. Mtoto akizaliwa Salamabila, wa kwanza kujua ni mama mzaa mke, la sivyo wakwe wanaanza kununiana na mtoto hajapata hata jina. Na ukimwuliza Mama Foni nani alimfundisha haya, atakuambia amefundishwa na makosa, na makosa yenyewe hayataji. Alikuwa na msemo mmoja wa hapo: mzigo wa habari hauwekwi kichwani kwa mtu aliyelala. Yaani jina la mtu wa kwanza halikuandikwa kabla hajaulizwa. Alimfuata muuza chumvi mpaka dukani, akamwuliza uso kwa uso: fundi amekutaja, unakubali? Muuza chumvi akasema ndiyo, ndipo kalamu ikagusa karatasi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mdogo wangu yuko Kindu, amesomea mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, na ana mdomo mtamu. Alitengeneza daftari la mashini la kuwekea watu: majina yao, namba zao, wanapoishi. Ajabu yake ni kwamba anayelifungua daftari hilo si mtu, ni akili mnemba. Unaiandikia kwenye simu kama unavyomwandikia mtu, "nitafutie fulani, mwambie kifurushi chake kimefika," nayo inaingia, inatafuta, inatuma ujumbe. Chama cha mamotari wa Kasongo kilikubali kujaribu, kwa sababu mizigo na abiria wanaokwenda Kabambare na Salamabila wanapotea kila wiki kwa kukosa kujua nani anangoja wapi. Wakaibatiza jina: Karani. Mimi nilikuwa nimewapigia debe mbele ya komite nzima. Nilisema nawadhamini mdogo wangu na Karani wake, jina langu liko mezani.

"Yaya," mdogo wangu akanipigia simu, yaya kwetu ni dada mkubwa, "imebaki kitu kimoja. Karani hajui lolote. Unatakiwa uandike maelezo, afanye nini na kwa namna gani: kutafuta mtu, kuongeza mtu, kusahihisha, kuunganisha walioandikwa mara mbili, kufuta. Anasoma ulichoandika na anafanya hicho hicho. Ukiacha shimo, anatumbukia."

Nikacheka. Mimi? Miaka yote hii naandikia watu barua kwa wakubwa, nishindwe na ukurasa wa kumwelekeza mashini? Nikakaa, nikaandika maelezo mazuri, yamenyooka, ya kiofisi. Na kwenye sehemu ya kuunganisha nikaandika kwa fahari: Watu wawili wakiwa na namba moja ya simu, hao ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, waunganishe.

Eh, Mungu wangu! Nani asiyejua kwamba kwetu simu moja ni ya lupango nzima, ua mzima wa majirani? Nyumba tano zinatazamana, simu ni moja, yenye betri nzuri, na kila mtu anatoa namba hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimekulia katika lupango ya namna hiyo! Lakini nilipokaa mezani na kalamu nilijiona mtu wa ofisi, nikasahau ninapolala.

Karani alitii. Asubuhi moja aliunganisha watu saba wa lupango moja wakawa mtu mmoja. Na huyo mmoja, kwa sababu jina lake lilitangulia kuandikwa, alikuwa yule yule fundi cherehani, sasa ni mzee, mjane, mtu wa heshima zake, mwenye simu. Alipata ujumbe wa kwanza: "Hongera kwa kujifungua salama." Akaufuta, akadhani ni watoto wanacheza. Ukaja wa pili: "Nguo yako ya harusi imefika kutoka Kabambare, njoo kwenye kituo cha mamotari uijaribu." Wa tatu ulimjulisha kwamba bwana harusi anamsalimu sana.

Mzee akavaa kofia, akachukua fimbo, akaja kituoni. Akasimama katikati ya mamotari akauliza kwa upole: "Wanangu, ni nani anayenioa? Nipewe basi hata picha."

Mamotari walianguka chini kwa kicheko, na habari ilifika soko la mchele kabla mzee hajarudi kwake. Lakini bibi harusi wa kweli, mjukuu wa huyo fundi, alikuwa amekaa ndani analia kwamba nguo yake imepotea, na harusi ni kesho kutwa. Tukampelekea mbio. Harusi ilifana, na fundi aliimbiwa wimbo wa bibi harusi mpaka akaucheza. Kila mtu alicheka isipokuwa prezida wa chama, mtu mkavu ambaye hacheki hata akilipwa. Aliniita mbele ya komite.

"Sekretere, leo tumecheka. Kesho Karani wako atamwambia mtu msiba wa mwingine, hapo hatutacheka. Tunakupa mpaka Idi."

"Halafu?"

"Mama Foni akikubali aandikwe humo, yeye mwenyewe, sote tutakubali. Akikataa, tunafunga, na usituletee tena maneno ya Kindu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Foni! Mwaka mzima nilikuwa nimemtumia salamu kwa mamotari, nikimwomba kaye zake, kwa sababu ndani yake kuna watu ambao hakuna simu inayowajua, na mchwa hawangoji. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Wale watu hawako wangu. Waliwekwa kwangu. Avu." Sasa nilihitaji kaye zake, na nilihitaji yeye mwenyewe aingie katika daftari la mashini, mwanamke asiyekubali hata kuwa na simu. Lakini jina langu lilikuwa mezani, na mchwa walikuwa kazini.

Nikapanda moto kwenda Kabambare, na matope ya njia ile sisimulii. Nilimkuta barazani akichambua maharagwe kwa vidole, macho hayaoni tena vizuri. Nikamweleza kila kitu, maana kumficha Mama Foni ni kujisumbua. Nilipofika mahali pa fundi kuuliza nani anamwoa, aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, miwani ikadondoka ikaning'inia kwenye uzi, binti yake akatoka jikoni kuuliza kama kuna mtu anakufa.

"Watu saba!" alisema akifuta machozi. "Sekretere, uliwapika watu saba katika sufuria moja! Sikia. Namba haiko mutu. Namba iko mulango. Nyuma ya mulango, uliza nani iko ndani. Avu."

Nikatoa kalamu. Nilikaa kwake siku nne, nikala sombe yake siku nne, hiyo pia iandikwe kati ya mema yangu. Kila alilosema niliandika, kisha nililigeuza kuwa maelezo kwa Karani. Namba ni mlango: usiunganishe watu kwa sababu ya namba, mpigie aliye mlangoni, uliza. Usifute mtu, andika "ametangulia", na anayeitikia badala yake. Mtu ana majina mengi; yote ni yake, tafuta kwa yote. Andika anapatikana wapi, na saa ngapi. Kabla ya kutuma habari nzito, tazama mtu wa kwanza, na usitume mpaka aliyekutuma athibitishe. Kabla ya kumwandika mtu wa kwanza, mwulize yeye mwenyewe. Mdogo wangu kule Kindu alipoona nafasi mpya ya "mtu wa kwanza" alipiga simu akishangaa: "Yaya, hii umeitoa wapi? Mashini za wakubwa hazina kitu hiki." Nikamwambia nimeitoa barazani.

Lakini kaye? Siku ya kuondoka niliziomba tena, kwa adabu, nimepiga magoti.

"Nikupe watu wangu," alisema, "uende uwafanye mutu moja? Mulete kwanza huyo karani wako, nimupime. Avu."

Huko Kasongo nilianza na fundi: akamtaja tena muuza chumvi wake, muuza chumvi akakubali, nikawaandika. Wiki moja kabla ya Idi nilirudi Kabambare. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuolewa. Kule rezo, mawimbi ya simu, ni ya kubahatisha, na kwa binti yake inapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Mama Foni hakutaka nimletee majibu chini. "Foni inafuatwa kwenye antene," alisema. Basi tukampandisha, mimi nikimvuta, binti yake akimsukuma, na yeye amekumbatia kitu chini ya kitenge, akitukemea tusimchafue. Juu akakaa, akapanga nguo zake, akatazama upande wa Kasongo ingawa haoni hata ukuta wa jirani.

"Muambie hivi," alianza, kwa ile sauti yake. "Fundi cherehani wa Kasongo, shemeji yake amevunjika muguu huku kwetu. Amujulishe sasa hivi. Avu."

Nikaandika, nikatuma. Tukangoja. Jibu la Karani likaja, nikamsomea:

"Pole kwa habari hii. Ni nzito, kwa hiyo sijamtumia fundi. Mtu wake wa kwanza ni muuza chumvi. Je, nimwombe apite kwake? Na kabla sijafanya hivyo: mgonjwa yuko wapi sasa, na nani yuko pamoja naye? Fundi atauliza."

Mama Foni hakusema avu. Mimi namjua, bila avu maana yake hajamaliza.

"Nani alimufundisha?" aliuliza mwishowe.

"Weye, Mama."

"Miye sijaongea na mashini."

"Uliongea na miye. Miye nikaandika."

Akatikisa kichwa pole pole, tabasamu likaja, kisha akashtuka, akanipiga paja. "Muambie aache! Yule shemeji iko muzima, jana amecheza mpira! Asiende kumushitua muuza chumvi bure!"

Nikaandika kwamba ilikuwa majaribio, mgonjwa hayuko. Karani akajibu kwamba amefurahi kusikia mguu ni mzima, na kwamba hakuna aliyejulishwa. Nilipomsomea hilo Mama Foni alicheka kicheko kile cha mbavu, na nilimshika kitenge asiporomoke.

"Sasa niandike miye," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Niandike! Ama unangoja mchwa wakuje waniandike?"

Nikamwuliza jina. Akaniambia. Miaka yote ile, ukuta mmoja wa mabati kati yetu, na sikuwahi kulijua jina lake. Ni jina zuri. Nililiandika pale kwenye daftari, na litabaki pale. Majina mengine? Mama Foni. Anapatikana wapi? "Kabambare kwa binti yake. Asubuhi barazani. Muchana atasema hayuko, lakini iko." Miaka? Akataja idadi ambayo inamfanya awe mdogo kuliko mimi, nikaiandika hivyo hivyo, nani wa kubishana naye.

"Mtu wako wa kwanza?" niliuliza, na nikageuka kumtazama binti yake kule chini.

"Yule hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini kweli. "Siku ile nitatangulia, habari itakuwa yake. Yeye njo atahitaji mutu wa kuingia kwake. Andika." Kisha akalitamka jina langu. Langu kamili, na la baba yangu, na lile la kwetu ambalo bibi yangu tu alikuwa akiniita, pole pole, kama mtu anayesoma kwenye ukurasa. Alikuwa amelijua siku zote.

Nikaandika. Nikatuma, nikadhani yamekwisha, nikafuta uso kwa mkono. Mara simu ikalia humo humo mkononi mwangu. Karani alikuwa amesoma maelezo yangu, na alifanya kama yalivyosema. Ujumbe ulikuwa unanijia mimi:

"Mama Foni wa Kabambare amekutaja kuwa mtu wake wa kwanza. Habari zake nzito na zake njema zitapitia kwako. Sitaandika mpaka ukubali mwenyewe. Unakubali?"

Nilimsomea, na sikuweza kumaliza. Nililia, sioni haya kusema, nililia juu ya kichuguu mchana kweupe, na huku nacheka. Yeye alitoa kile alichokuwa amekumbatia chini ya kitenge: kopo la bati la maziwa ya unga, kubwa, limefungwa kwa kamba ya magunia. Akaliweka magotini kwangu. Lilikuwa zito. Kaye sita hazina uzito ule, lakini watu wanao.

"Sekretere, karani wako iko anangoja," alisema. "Na miye niko nangoja. Avu."

Niliandika ndiyo. Kisha nikakumbatia kopo, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti yote niliyonayo, ile ya kufika Kasongo, mpaka kuku wa binti yake wakatawanyika:

"Nimepokea, Mama! Avu!"